Retina Inapobanduka katika Jicho Lenye Lenzi Iliyohama

Kubanduka kwa retina ni miongoni mwa magonjwa ya macho ambayo saa na siku huamua kiwango cha uoni atakachobaki nacho mgonjwa. Ugonjwa huu hauumi, haulifanyi jicho kuwa jekundu wala hautoi usaha, na kwa sababu hiyo ni rahisi kupuuzwa. Unapompata mtu ambaye lenzi ya jicho lake imehama kutoka mahali pake, hatari huwa kubwa zaidi. Hali iliyosababisha lenzi kuhama aghalabu ndiyo pia huidhoofisha retina, na lenzi yenyewe huuficha ugonjwa. Mgonjwa hazitambui dalili, mtoa huduma hadhani kwamba kuna tatizo jingine nyuma ya lenzi, na hata daktari bingwa aliye katika chumba cha upasuaji huzuiwa kuona vizuri pale anapotaka kutibu. Makala haya yanaeleza jinsi hali hizi mbili zinavyohusiana, namna ya kuugundua ugonjwa mapema, na jinsi upasuaji wake unavyofanyika.

Lenzi na retina katika jicho lenye afya

Lenzi ya jicho hukaa nyuma ya mboni. Inaning'inizwa na nyuzi nyingi nyembamba sana zinazoizunguka pande zote, mithili ya ngozi ya ngoma iliyowambwa kwa kamba. Nyuzi hizo zimeundwa kwa kiasi kikubwa na protini iitwayo fibrilini. Nyuma ya lenzi kuna ute mzito na angavu unaojaza takribani asilimia 80 ya jicho, nao kwa mtu mzima hufikia kama mililita 4. Nyuma kabisa, ukiwa umetandazwa kwenye ukuta wa ndani wa jicho, upo utando wa fahamu uitwao retina, ambao unene wake haufiki hata nusu milimita. Retina hupokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa zinazopelekwa kwenye ubongo. Sehemu yake ya katikati, yaani kitovu cha retina, ndiyo inayomwezesha mtu kusoma, kushona na kutambua nyuso.

Retina haikugandishwa kwa gundi. Inashikiliwa mahali pake na kazi ya chembe hai zilizo chini yake, ambazo hufyonza maji kila wakati na kuilisha kwa chakula na oksijeni. Ikichanika, maji ya ndani ya jicho hupenya katika tundu na kuinyanyua kama karatasi ya ukutani inayolowana na kubanduka. Sehemu iliyobanduka hukosa lishe, na chembe zake zinazopokea mwanga huanza kufa.

Sababu za lenzi kuhama

Sababu inayoongoza ni jeraha. Kipande cha kuni kinachoruka wakati wa kupasua, jiwe la manati, mpira, ngumi, fimbo au pembe ya ng'ombe huweza kuzikata nyuzi za lenzi kwa kishindo kimoja. Kishindo hichohicho huweza kuichana retina pembezoni, hata kama ngozi ya kope haikupata mchubuko wowote.

Sababu ya pili ni maradhi ya kurithi, na yanayofahamika zaidi ni ugonjwa wa Marfan. Umepewa jina la daktari Mfaransa Antoine Marfan, ambaye mwaka 1896 aliwaeleza wenzake habari za mtoto wa kike mwenye mikono, miguu na vidole virefu na vyembamba kupita kawaida. Mwaka 1991 ilithibitishwa kwamba chanzo chake ni kasoro katika jeni ya fibrilini, ile ile protini inayounda nyuzi za lenzi. Ugonjwa huu humpata takribani mtu 1 kati ya 5,000, na zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huo huhama lenzi, mara nyingi kuelekea juu. Mzazi mwenye ugonjwa anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Hata hivyo, kama robo ya wagonjwa huzaliwa na wazazi wasio nao kabisa. Hakuna laana wala kurogwa katika jambo hili.

Ugonjwa mwingine wa kurithi ni homosistinuria, ambao mwili hushindwa kusaga vizuri baadhi ya viini vya protini. Katika ugonjwa huu lenzi huelekea zaidi chini. Kwa watu wazima, nyuzi huweza pia kudhoofika kwa uzee, na wakati mwingine lenzi ya bandia iliyowekwa baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho hutoka mahali pake na kuzama katika ute.

Jinsi lenzi iliyohama inavyoambatana na retina kubanduka

Njia ni zaidi ya moja. Kwanza, ute wa jicho umeshikamana na retina kwa nguvu zaidi pembezoni, karibu na mahali nyuzi za lenzi zinapoanzia. Nyuzi zikikatika, ute hupoteza utulivu wake. Husogea mbele, hutikisika na kuvuta retina kila jicho linapogeuka. Pili, jicho la mwenye ugonjwa wa Marfan mara nyingi ni refu kuliko kawaida. Urefu huo humfanya asione mbali, na pia huinyoosha retina hadi ikawa nyembamba na yenye vitobo. Tatu, upasuaji wa lenzi uliofanyika zamani, hasa pale ute ulipotoka au kunaswa kwenye kidonda, huacha mivutano ya kudumu. Nne, jeraha lenyewe huichana retina siku ile ile, ingawa maji huweza kuchukua wiki au miezi kujikusanya chini yake.

Kwa sababu hizo, mgonjwa yeyote aliyepoteza nafasi ya lenzi anastahili kuhesabiwa kuwa yumo hatarini, hata kama anaona vizuri siku ya kupimwa.

Dalili ambazo lenzi huzificha

Dalili za kawaida za retina kuchanika au kubanduka ni tatu: mimuliko ya mwanga kama radi ndogo pembeni mwa jicho, vidoa vyeusi vinavyoelea, ambavyo wagonjwa huvifananisha na nzi au moshi, na kivuli kinachoanzia upande mmoja na kusogea taratibu kama pazia linalofungwa.

Mtu ambaye lenzi yake imehama amekwisha kuzoea ukungu. Wengine huona vitu viwili viwili kwa jicho moja, kwa kuwa ukingo wa lenzi umekatiza katikati ya mboni. Wengine uoni wao hubadilika kila wanapoinamisha kichwa. Kivuli kipya kinapoanza, mgonjwa husema, "Ni jicho lile lile baya," akasubiri. Mtoto mdogo hasemi kabisa. Huendelea kutumia jicho la pili, na ugonjwa hugunduliwa siku jicho la pili nalo linapoanza kufifia. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki huwafikia mabingwa wa retina wakati kitovu cha retina kimekwisha kubanduka.

Mgonjwa mwenye lenzi iliyohama anashauriwa kulijaribu kila jicho peke yake angalau mara moja kwa wiki: kufumba moja kwa kiganja, kutazama kitu kimoja ukutani, na kuchunguza kama pembe zote nne za mlango au dirisha bado zinaonekana. Mzazi anaweza kumfanyia mtoto jaribio hilo kama mchezo. Jambo la kuangalia ni badiliko. Ukungu wa zamani si dharura, lakini upande uliokuwa ukionekana jana na leo hauonekani ni dharura.

Vipimo vinavyowezekana katika zahanati

Mtoa huduma asiye na mashine yoyote bado anaweza kuutambua ugonjwa uliojificha nyuma ya lenzi. Siri ya kazi hii ni kufahamu mambo ambayo lenzi peke yake haiwezi kuyasababisha.

Lenzi iliyohama au yenye ukungu hupunguza ukali wa uoni, lakini haizuii mwanga kuifikia retina. Kwa hiyo mgonjwa ataweza kuonyesha kwa kidole tochi inamulika kutoka upande gani, juu, chini, kushoto na kulia. Akishindwa kwa upande mmoja, retina inapaswa kushukiwa. Vivyo hivyo, akiketi mbele ya mpimaji, akafumba jicho moja na kuhesabu vidole vinavyoonyeshwa katika pande nne, upande unaokosekana huashiria tatizo lililo nyuma zaidi ya lenzi.

Kipimo cha tatu ni cha mboni. Katika chumba chenye giza kiasi, mwanga wa tochi huhamishwa kutoka jicho moja hadi jingine, ukikaa kama sekunde tatu kila upande. Kwa kawaida mboni hubaki imesinyaa mwanga unapohamia upande wa pili. Mboni ikitanuka pale inapomulikwa, retina au mshipa wa fahamu wa jicho hilo haufanyi kazi ipasavyo. Lenzi iliyohama pekee haileti dalili hiyo. Endapo jeraha limeifanya mboni ya jicho lililoumia isitembee, hutazamwa mboni ya jicho zima wakati mwanga unapohamishwa. Hiyo nayo hutoa jibu.

Mtoa huduma anaweza pia kuiona lenzi yenyewe ikiwa imehama: ukingo wake huonekana kama upinde ndani ya mboni, na sehemu yenye rangi ya jicho hutetemeka jicho linapogeuka, kwa kuwa haina tena kitu cha kuiegemeza.

Tahadhari tatu zinahitajika. Jicho lililopata jeraha na kushukiwa kupasuka halibonyezwi wala kutiwa dawa ya matone. Hufunikwa kwa kikinga kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha plastiki, na mgonjwa hupelekwa hospitali. Dawa ya kutanua mboni isitumiwe kiholela, kwa sababu lenzi iliyolegea inaweza kupita kwenye mboni na kuja mbele. Ikikwama huko, presha ya jicho hupanda ghafla kwa maumivu makali, na hiyo ni dharura ya aina yake. Tatu, dawa za mitishamba zisiwekwe machoni, maana hazifiki kwenye retina na zinaweza kukiharibu kioo cha mbele cha jicho.

Barua ya rufaa itaje mambo manne: siku dalili zilipoanza, upande kivuli kilipoanzia, uoni wa kila jicho siku hiyo, na kama mgonjwa bado anaona katikati. Jambo la mwisho ndilo linaloamua haraka. Kitovu cha retina kikiwa bado kimeshika, upasuaji hutakiwa kufanyika ndani ya saa 24 au karibu na muda huo, ili kukinusuru. Kikiwa kimekwisha kubanduka, bado siku chache za mwanzo ni bora kuliko wiki, na wiki ni bora kuliko mwezi.

Kuiacha lenzi au kuiondoa

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kubanduka kwa retina kulikuwa sawa na hukumu ya upofu. Mabadiliko yaliletwa na Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ambaye katika miaka ya 1920 alionyesha kwamba chanzo ni tundu katika retina, na kwamba tundu hilo likitafutwa na kuzibwa, retina hurudi. Kanuni hiyo haijabadilika: kila tundu lazima lionekane, na kila tundu lazima lizibwe.

Hapo ndipo lenzi iliyohama inapoleta ugumu. Matundu mengi huwa pembezoni mwa retina. Ukingo wa lenzi hupinda mwanga na kumwonyesha mpasuaji picha mbili. Ukungu wa lenzi humkinga asione. Na kwa wenye ugonjwa wa Marfan mboni mara nyingi haitanuki vya kutosha hata kwa dawa. Pale asipoweza kuona kabisa, hutumia kwanza kipimo cha mawimbi ya sauti ili kujua umbo la retina na mahali lenzi ilipo. Swali la kwanza kabla ya upasuaji huwa hili: je, retina yote inaweza kuonekana lenzi ikiwa pale pale ilipo?

Jibu likiwa ndiyo, na lenzi ikiwa angavu na imehama kidogo tu, inaweza kuachwa. Mpasuaji hushona ukanda wa silikoni nje ya ukuta mweupe wa jicho, ukausukuma ukuta huo ndani hadi ukutane na retina, na kuligandisha eneo la tundu kwa ubaridi mkali ili kovu jembamba lishike. Njia hii huwafaa zaidi watoto na vijana, ambao ute wao bado ni mzito. Hata hivyo ukuta wa jicho la mwenye ugonjwa wa Marfan unaweza kuwa mwembamba, na kila mshono huhitaji uangalifu ili sindano isitoboe ndani.

Jibu likiwa hapana, upasuaji hufanyika kutokea ndani. Njia hii ilianzishwa na Robert Machemer mjini Miami, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vitobo vitatu, kila kimoja kikiwa na upana wa karibu nusu milimita, hupitishwa milimita 3.5 hadi 4 nyuma ya ukingo wa kioo cha mbele: kimoja cha kuingiza maji, kimoja cha taa, na kimoja cha kifaa kinachokata na kufyonza ute.

Utaratibu wa hatua hapa una uzito mkubwa. Lenzi iliyozama katika ute haivutwi hata kidogo kabla ute unaoizunguka haujaondolewa, kwa maana kuivuta ni kuivuta retina pamoja nayo. Lenzi ya kijana ni laini, na kifaa kile kile cha kukata ute huimaliza. Lenzi ya mzee ni ngumu. Huvunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti. Ili vipande visidondoke juu ya kitovu cha retina, mpasuaji huweza kumimina kimiminika kizito cha perfluorokaboni, ambacho huilaza retina na kuielea lenzi juu yake kama godoro. Vipande vyote hutolewa, kwa sababu mabaki huwasha jicho na kupandisha presha.

Retina inapokuwa imelala mahali pake, kila tundu huzungushiwa alama za leza. Kisha jicho hujazwa gesi au mafuta ya silikoni ili kuishikilia retina wakati kovu linakomaa. Katika jicho lisilo na lenzi, mafuta yanaweza kusogea mbele na kuziba njia ya maji. Kwa hiyo mpasuaji hutoboa tundu dogo upande wa chini wa sehemu yenye rangi ya jicho, ili maji yapate pa kupita na mafuta yabaki nyuma.

Lenzi ya bandia kwa kawaida haiharakishwi. Husubiriwa hadi retina itulie, na kwa kuwa hakuna tena nyuzi za kuishikilia, huhitaji kufungwa kwenye sehemu yenye rangi au kwenye ukuta wa jicho. Kabla ya hapo mgonjwa hutumia miwani yenye nguvu kubwa au lenzi za kuvaa juu ya jicho. Kwa mtoto mdogo miwani haisubiri: jicho lisilopata picha safi katika miaka ya mwanzo huzembea, na ubongo huacha kulitumia hata kama retina imepona.

Maisha baada ya upasuaji

Mgonjwa huelekezwa namna ya kulala, mara nyingi kifudifudi au kwa ubavu, ili gesi au mafuta yalikandamize tundu. Agizo hilo ni sehemu ya tiba, na familia inapaswa kulisimamia.

Mwenye gesi huona mstari unaocheza kama maji katika glasi, nao hushuka siku hadi siku gesi inapoyeyuka. Gesi ya aina moja huisha kwa takribani wiki mbili, nyingine huchukua wiki sita hadi nane. Katika muda huo kupanda ndege ni marufuku, kwa kuwa gesi hutanuka kadiri mtu anavyopanda juu, na presha ya jicho inaweza kuzima uoni kabisa. Onyo hilo linahusu pia safari za barabarani: mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji Dar es Salaam, katika usawa wa bahari, asirudi Mbeya, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu yake, bila kumuuliza daktari wake. Akihitaji dawa ya usingizi kwa upasuaji mwingine, amwarifu daktari wa usingizi kwamba jichoni mna gesi, ili aina inayoitanua isitumiwe. Mafuta ya silikoni hayana tatizo la safari, lakini hayaishi yenyewe. Huhitaji upasuaji mwingine wa kuyaondoa, mara nyingi baada ya miezi mitatu hadi sita.

Kwa kubanduka kwa retina kwa ujumla, wagonjwa takribani 8 hadi 9 kati ya 10 retina zao hurudi kwa upasuaji mmoja. Kwa wenye lenzi iliyohama kazi ni ngumu zaidi, na upasuaji wa pili si jambo la ajabu. Adui mkuu ni makovu yanayoota juu ya retina na kuikunja, nayo huongezeka kwa waliochelewa. Aidha, retina kurudi mahali pake si sawa na uoni kurudi wote. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo kabla ya kutia saini.

Jicho la pili na mwili mzima

Jicho la pili huchunguzwa siku hiyo hiyo. Kwa mwenye ugonjwa wa kurithi, macho yote mawili yana udhaifu ule ule, na tundu linalogunduliwa kabla retina haijabanduka huweza kuzibwa kwa leza kwa dakika chache, bila kulazwa.

Uchunguzi usiishie machoni. Katika ugonjwa wa Marfan, mshipa mkuu unaotoka moyoni huweza kutanuka na hatimaye kupasuka. Kijana mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu na lenzi iliyohama anahitaji kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti kabla ya kupewa dawa ya usingizi, hata kama halalamiki chochote. Katika homosistinuria damu huganda kwa urahisi, na daktari wa usingizi hujipanga kwa ajili hiyo. Ndugu wa mgonjwa nao huitwa kupimwa. Mara nyingine jicho ndilo limekuwa mlango wa kuokoa uhai.

Hitimisho

Lenzi iliyohama huonekana kwa urahisi, na kwa hiyo huchukua lawama ya kila dalili. Upasuaji wa kisasa unaweza kuiondoa, kulitafuta tundu na kuirudisha retina, lakini hauwezi kuzifufua chembe zilizokwisha kufa wakati mgonjwa akisubiri. Mgonjwa anayelijaribu kila jicho peke yake, na mtoa huduma anayehamisha mwanga wa tochi kutoka mboni moja hadi nyingine kabla ya kuandika "lenzi" katika cheti, huanza tiba hiyo kabla ya mpasuaji.